Kodi ya Sinza, nauli ya Mbezi: familia moja, watoto wawili, na nyumba ya kuchagua

Familia ya kisa hiki ina watu wanne na inaishi Sinza, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule, choo ndani. Baba ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo na hufungua siku 26 kwa mwezi. Mama ni karani kwenye ofisi iliyoko Gerezani, siku 22 kwa mwezi. Makato yote yakishatoka, mikononi mwao hubaki shilingi 1,500,000 kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka. Binti yao mkubwa yuko darasa la tano mwaka huu wa 2026, na mdogo wake wa kiume ataanza darasa la kwanza Januari 2027. Kodi ilikuwa 400,000. Mwenye nyumba ametoa taarifa kwamba mkataba ujao ni 450,000 kwa mwezi, na miezi sita ilipwe mbele.

Nyumbani kuna maoni matatu. Baba anataka Mbezi, ambako nyumba yenye chumba cha ziada na uwanja wa watoto kucheza inapatikana kwa 300,000. Mama hataki kuondoka Sinza kwa sababu ya shule ya msingi ya serikali ambayo binti anasoma, na ambayo watoto huifikia kwa miguu. Shangazi wa watoto anasisitiza wapelekwe shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, hata ikibidi kukopa.

Familia hii na shule zake ni za mfano. Tumezijenga kwa hali ambazo mtu anayetafuta nyumba upande wa Ubungo hukutana nazo, na nauli ni zile zilizopangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri ardhini, Desemba 2023: shilingi 600 kwa daladala isiyozidi kilomita 10, na 750 kwa Mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) kati ya Kimara na mjini. Anayetaka kuitumia hesabu hii kwa nyumba yake aweke bei zake mwenyewe. Njia ya kupiga hesabu ndiyo ileile.

Kwanza tuseme anwani inanunua nini. Sinza, Kimara, Mbezi na Goba zote ziko ndani ya Manispaa ya Ubungo. Shule ya msingi ya serikali huandikisha watoto wa eneo lake, kwa hiyo hapo mtaa unaokaa una uzito. Kwa sekondari uzito huo unapungua: TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, huwapanga waliofaulu kwenye shule za kutwa za halmashauri waliyosomea, na wachache wenye alama za juu kabisa huenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Ukihama kutoka Sinza kwenda Mbezi umebaki kwenye halmashauri ileile. Shule binafsi nayo haiangalii mtaa wako hata kidogo, ila inaangalia ada na kama basi lake linafika kwenu. Kwa hiyo nyumba Dar es Salaam inanunua hasa vitu viwili: darasa la msingi ambalo mtoto atakaa, na saa ambazo yeye na wazazi wake watatumia barabarani. Cha pili hakiandikwi kwenye tangazo la dalali, na ndicho kilichobeba uamuzi wa familia hii.

Tuanze na Mbezi ya baba. Kodi ya 300,000 ni milioni 3.6 kwa mwaka. Ya Sinza, kwa bei mpya, ni milioni 5.4. Tofauti ni milioni 1.8, na kwa kipato chao hiyo ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa wote wawili. Ukiishia hapo, Mbezi imeshinda.

Sasa weka safari. Baba husafiri siku 312 kwa mwaka, mama siku 264. Jumla ni siku 576 za mtu kwenda na kurudi. Kutoka Sinza hadi Kariakoo ni daladala moja, 600 kwenda na 600 kurudi, kwa hiyo mwaka mzima ni 691,200. Kutoka Mbezi ni daladala hadi Kimara kwa 600, kisha Mwendokasi kwa 750, yaani 2,700 kwa siku. Mwaka mzima ni 1,555,200. Bado hujatoka nyumbani. Nyumba ya 300,000 Mbezi haiko kituoni. Iko ndani, na kuifikia ni bodaboda ya 1,000 kila upande. Wakiondoka saa tofauti, kama wanavyoondoka wafanyabiashara na waajiriwa, bodaboda peke yake inakula 1,152,000 kwa mwaka. Jumla ya safari kutoka Mbezi ni 2,707,200. Imeizidi ya Sinza kwa 2,016,000, wakati kodi iliokoa 1,800,000 tu.

Kwa hiyo nyumba ya bei rahisi iligharimu shilingi 216,000 zaidi kwa mwaka, na hapo watoto wote wawili bado wako shule ya serikali ya kutembea kwa miguu. Kosa hili ni la kawaida mno, na linatokana na jinsi pesa zinavyotoka. Kodi hutoka kwa mkupuo, miezi sita kwa wakati mmoja, inauma na kila mtu anaikumbuka. Bodaboda hutoka elfu moja moja na haiandikwi popote. Kabla ya kwenda kuangalia nyumba, andika nauli yako halisi ya wiki mbili, pamoja na bodaboda za siku za mvua, halafu zidisha kwa siku zako za kazi za mwaka.

Ndipo eneo la tatu likaingia kwenye mazungumzo: Kimara, lakini si Kimara yote. Ni ule ukanda unaoweza kutembea dakika kumi hadi kumi na tano kufika kituo cha Mwendokasi, kuanzia Kimara Mwisho na Korogwe kuja Bucha na Baruti. Nyumba ya vyumba viwili na sebule huko tumeihesabu kwa 350,000, yaani milioni 4.2 kwa mwaka. Safari ni 1,500 kwa siku bila bodaboda, 864,000 kwa mwaka.

Shule ya serikali haina ada. Ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaiondoa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Lakini uji au chakula cha mchana, mitihani ya majaribio, daftari na sare zipo. Tumeweka 30,000 kwa mtoto kwa mwezi, miezi kumi, yaani 600,000 kwa watoto wawili. Picha ya mwaka inakuwa hivi:

Sinza, shule ya serikali: 5,400,000 + 691,200 + 600,000 = 6,691,200
Mbezi, shule ya serikali: 3,600,000 + 2,707,200 + 600,000 = 6,907,200
Kimara, shule ya serikali: 4,200,000 + 864,000 + 600,000 = 5,664,000
Mbezi, shule binafsi: 3,600,000 + 2,707,200 + 4,800,000 = 11,107,200

Ile 4,800,000 ya mstari wa mwisho ni ada ya 1,800,000 na basi la 600,000 kwa kila mtoto. Mpango wa shangazi unachukua karibu asilimia 62 ya kipato chote cha nyumba kabla ya chakula, umeme, maji na matibabu. Ule wa Kimara unachukua asilimia 31 na ushee.

Bei zimejulikana. Shule je?

Tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA, yaani Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza shule kumi bora. Mabango ya shule binafsi barabarani yanaendelea kujipa nafasi, lakini matokeo ya kila shule bado yapo wazi kwenye tovuti ya NECTA, na mzazi mwenye simu na saa moja anaweza kujua mengi kuliko bango lolote linavyosema. Wengi hufungua ukurasa wa shule, wakaangalia wastani wa shule juu kabisa, ambao kwa darasa la saba huhesabiwa kati ya alama 300 za masomo sita, wakafunga. Wastani huo unachanganya mambo. Shule inaweza kuupandisha kwa Kiswahili na Uraia na Maadili huku Hisabati ikiwa taabani. Shuka chini kwenye orodha ya watahiniwa. Kila mtoto ana mstari wake wenye daraja la kila somo. Hesabu waliopata A, B au C kwenye Hisabati, kisha gawanya kwa waliofanya mtihani. Rudia kwa English. Fanya hivyo kwa miaka mitatu, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa mwalimu mmoja hodari aliyeshahamishwa.

Tunasisitiza masomo haya mawili kwa sababu ya kinachofuata. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya msingi ya Kiswahili anayeingia kidato cha kwanza na D ya English anaanza Biolojia na Jiografia akiwa haelewi maelezo ya ubaoni, na Hisabati ni somo ambalo pengo la darasa la tano halijizibi lenyewe.

Kwa familia hii, shule ya Sinza ilikuwa na watahiniwa 140 wa darasa la saba mwaka 2025, na 84 kati yao walipata C au zaidi Hisabati: asilimia 60. Ya Mbezi ilikuwa na 310, waliofikia hapo ni 93: asilimia 30. Ya Kimara, 99 kati ya 180: asilimia 55. Shule binafsi ya Mbezi ilikuwa na watahiniwa 62, na 60 walifikia C au zaidi. Asilimia 97 inatikisa mzazi yeyote.

Hapa ndipo panapohitaji subira. Ukiacha matokeo ya darasa la saba ya 2025, fungua yale ya upimaji wa darasa la nne ya 2022 kwa shule hiyohiyo. Hao ndio watoto walewale, miaka mitatu nyuma. Shule ya Sinza ilikuwa na 146, ikamaliza na 140. Watoto sita kupungua ni mambo ya kuhama. Shule binafsi ilikuwa na 97, ikamaliza na 62. Watoto 35 hawapo. Baadhi walihama na wazazi, baadhi ada ilishindikana, na baadhi waliambiwa wastani wao hautoshi kupanda darasa, watafute shule nyingine. Ukigawanya wale 60 kwa 97 walioanza pamoja unapata asilimia 62, karibu sawa na shule ya serikali ya Sinza. Hesabu hiyo haiitendei shule hiyo haki kabisa, kwa kuwa wengine waliondoka wakiwa wanafaulu vizuri. Lakini inamfungua mzazi macho: sehemu ya matokeo yale imetokana na kufundisha, na sehemu imetokana na kuchagua nani afanye mtihani. Swali la kumuuliza mwalimu mkuu wa shule binafsi, kwa heshima na bila kuzunguka, ni hili: mtoto anayepata wastani wa chini mwaka wa tatu hapa, mnamfanyia nini? Jibu lenye ratiba ya masomo ya ziada ni jibu. Jibu la "tunamshauri mzazi" maana yake ataondoka, na litakuwa jambo la mtoto wako siku moja atakapoyumba.

Tovuti haikuonyeshi darasa. Kwa hilo lazima ufike shuleni, na cha kutazama kiko ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu: ubao wa takwimu. Karibu kila shule ya serikali inao. Una mistari ya madarasa kuanzia awali, wavulana, wasichana, jumla; kisha walimu, vyumba vya madarasa, madawati, matundu ya vyoo, kila kimoja na safu za mahitaji, yaliyopo na upungufu. Ubishe hodi, umwamkie mwalimu, ueleze kwamba unataka kuhamishia watoto, na uombe kuutazama. Ni takwimu za shule ya umma na mara nyingi utaelezwa vizuri kuliko ulivyotarajia.

Kosa kubwa kwenye ubao huo ni kugawanya wanafunzi kwa walimu. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Shule ya Dar yenye wanafunzi 2,000 na walimu 45 inatoa 44 kwa mwalimu, na mzazi anaondoka ameridhika. Lakini shule hiyo ina vyumba 16. Gawanya 2,000 kwa 16 upate 125 kwa chumba. Mjini walimu mara nyingi wapo, kinachokosekana ni mahali pa kuwafundishia watoto. Matokeo yake ni zamu ya asubuhi na ya mchana, au watoto wanne kwenye dawati moja, au mwalimu asiyeweza kusahihisha daftari 125 kwa kipindi kimoja na hivyo kusahihisha za mstari wa mbele. Gawanya kwa vyumba vinavyotumika, tena darasa kwa darasa, kwa sababu darasa la kwanza huwa limefurika kuliko la saba. Kwa vyoo, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Binti anayekaribia kuvunja ungo kwenye shule yenye tundu moja kwa wasichana 90 atakosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na hilo halionekani kwenye wastani wowote.

Kwa darasa la kwanza, chumba cha Sinza kilikuwa na watoto 82, cha Kimara 96, cha Mbezi 134. Mbezi ina kasi ya watu: nyumba hujengwa kwanza, shule hufuata miaka mingi baadaye. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo karibu na 45. Lakini kati ya 96 na 134 kuna tofauti ya kweli, hasa kwa mtoto wa miaka sita anayejifunza kusoma, kwa kuwa huyo huhitaji kusikilizwa akisoma kwa sauti, mmoja mmoja. Kama shule ina zamu, ulizia kijana atakuwa zamu gani. Zamu ya mchana maana yake mtoto wa miaka sita yuko nyumbani asubuhi nzima wakati wazazi wako Kariakoo, na gharama ya dada wa kumwangalia lazima iingie kwenye hesabu ya nyumba hiyo.

Sasa turudi kwenye ushauri wa shangazi, kwa sababu una msingi. Kiingereza cha mapema kinamsaidia mtoto sekondari, na darasa la watoto 35 ni bora kuliko la 96. Hatupingi shule binafsi. Tunapinga kuianza bila uwezo wa kuimaliza. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Kijana anayeanza Januari 2027 atamaliza 2032. Ada na basi vya 2,400,000 kwa miaka sita ni 14,400,000 kama ada haitapanda hata mara moja, jambo ambalo mzazi asilitegemee. Na anayeshindwa mwaka wa nne hapotezi pesa tu. Mtoto aliyejifunza Sayansi na Hisabati kwa Kiingereza anarudi kwenye darasa la Kiswahili akiwa hajui majina ya vitu alivyofundishwa, tena mwaka wa upimaji. Kanuni tunayoitumia ni kali kidogo: usianze mpaka ada ya miaka yote iweze kutoka kwenye kipato cha kawaida, bila kutegemea mkopo, bonasi au mchezo wa kupeana, na kodi ikiwa imeshalipwa. Familia hii haifiki hapo kwa watoto wawili. Pale Upanga kuna shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond, ambazo wazazi huchangia kiasi kilicho chini ya ada za binafsi nyingi, lakini nafasi hugombewa, na kumsafirisha mtoto wa darasa la kwanza kutoka Ubungo hadi Upanga kila alfajiri ni kurudi kwenye tatizo la barabara.

Barabara kwa mtoto ni mbaya kuliko kwa mtu mzima. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na kwa sababu hiyohiyo makondakta wengi huwaacha kituoni asubuhi wakati abiria wa nauli kamili wamejaa. Basi la shule nalo huzunguka: anayechukuliwa wa kwanza huamka saa kumi na nusu alfajiri na kukaa garini zaidi ya saa moja. Mtoto wa miaka sita anayelala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na nusu amelala saa saba na nusu. Anahitaji tisa au zaidi. Usingizi huo unalipwa darasani, na hakuna twisheni inayoufidia.

Kuhusu binti, wakati umebaki mfupi kuliko wazazi walivyodhani. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Yeye alikuwa la tatu mwaka huo. Atamaliza elimu ya msingi akiwa darasa la sita, mwaka 2027. Waliokuwa mbele yake, darasa la nne la 2024, watamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Ushindani wa shule za vipaji na za bweni utakuwa wa watoto mara mbili, na shule za kata zitapokea wanafunzi wengi mno kwa mkupuo. Kuhamisha nyumba nzima kwa ajili ya shule ya msingi ambayo binti atakaa mwaka mmoja na nusu hakuna maana. Anachohitaji ni kutovurugwa, na kusaidiwa Hisabati na English sasa, kabla ya mtihani.

Uamuzi uliopendekezwa ni Kimara, lakini binti abaki shule yake ya Sinza hadi amalize, kijana aandikishwe Kimara. Kutoka vituo vya Kimara hadi Shekilango ni Mwendokasi moja, na mama hupita njia hiyohiyo kila asubuhi. Binti anashuka Shekilango na kutembea au kupanda daladala moja fupi. Akiwa na miaka kumi na moja analiweza hilo akianza na mama. Kama wazazi wangeona hawezi, kumhamisha mwishoni mwa darasa la tano, Desemba 2026, ndiyo nafasi ya mwisho ya salama. Jina likishaingia kwenye orodha ya watahiniwa mapema mwaka wa mtihani, uhamisho unakuwa mgumu, na wapo watoto waliojikuta wanasoma shule moja na kufanyia mtihani nyingine.

Kuhama kwenyewe kuna gharama inayopaswa kusemwa wazi. Kimara inaokoa 1,027,200 kwa mwaka ikilinganishwa na Sinza. Mwaka wa kwanza dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 350,000, na kirikuu ya kubebea vyombo tumeiwekea 100,000. Inabaki 577,200. Twisheni ya binti ya 30,000 kwa miezi kumi na vitabu vya 150,000 ni 450,000. Mwaka wa kwanza, basi, wanabakiwa na 127,200, na nauli ya binti inatoka humo. Faida kamili inaonekana kuanzia mwaka wa pili, na ndiyo maana mkataba wa miezi sita usiokuwa na kifungu cha kodi ni hatari kwao: mwenye nyumba akipandisha kwa 50,000 baada ya miezi sita, nusu ya sababu ya kuhama imekufa. Waombe iandikwe kwamba kodi haitabadilika kwa miezi 24, hata kama malipo ni ya miezi sita sita. Wenye nyumba wengi hukubali ukilisema kabla ya kutoa pesa. Ukilisema baada, hakuna anayekusikiliza.

Nyumba yenyewe ikaguliwe Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku iliyofuata mvua kama inawezekana. Dalali atataka uje Jumamosi mchana, ambapo kila barabara ni nyeupe. Tembea na mtoto kutoka mlangoni hadi shuleni kwa mwendo wake. Ikizidi dakika 20, tafuta nyingine. Jambo la kwanza la kutazama ni upande wa barabara. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane, na nyumba iliyo mita 300 kutoka shuleni lakini ng'ambo ya pili iko mbali kuliko ile ya kilomita moja upande uleule, kwa sababu mtoto wa miaka sita hawezi kuvuka peke yake. Shule na nyumba viwe upande mmoja. La pili ni mabonde. Kimara ni ya vilima, na njia ya mkato inayopita korongoni hukatika masika. Ulizia majirani njia wanayopita Aprili. La tatu ni maji: fungua bomba, uliza maji ya DAWASA hutoka siku zipi, tazama ukubwa wa tangi. Nyumba inayonunua maji ya boza kila wiki mbili si ya 350,000 tena.

Mpangilio wa tarehe ni huu. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba. Familia iwe imeshapata nyumba kufikia Septemba, ijitambulishe serikali ya mtaa, na iwe na cheti cha kuzaliwa cha kijana mkononi. Waandikishe wiki ya kwanza, kwa kuwa shule yenye chumba cha watoto 96 mwezi Oktoba ndiyo hufika 115 mwezi Januari kwa waliochelewa. Ikitokea binti naye ahame, ni barua kutoka kwa mwalimu mkuu wa Sinza, nafasi iliyothibitishwa na mwalimu mkuu wa Kimara, na uhamisho ufanyike pia kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, kwa namba yake. Barua bila PREM ni uhamisho nusu. Mama aombe kuonyeshwa kwamba jina limeshatokea upande wa pili.

Kuna mambo matatu ambayo yangeugeuza uamuzi huu. Mwenye nyumba wa Sinza akikubali kubaki 400,000 kwa miaka miwili, gharama ya Sinza inashuka hadi 6,091,200. Kimara inabaki na nafuu ya 427,200 tu, ambayo mwaka wa kwanza dalali na kirikuu wanaimaliza, na kubaki kunakuwa bora kwa watoto wote wawili. Kazi ya mama ikihamia upande wa Mbezi au Kibaha, hesabu ya nauli inapinduka, na Mbezi inarudi mezani pamoja na swali la darasa la watoto 134. La tatu ni Jangwani, bonde ambalo Mwendokasi hulipita kuingia mjini. Mvua kubwa hufurika pale, Mwendokasi husimama, na siku hizo Kimara inakuwa mbali ghafla. Katika miezi ya masika watenge nauli ya ziada, wakubaliane na jirani mmoja wa kumpokea kijana shuleni wazazi wakichelewa, na namba ya simu ya jirani huyo iwe kwa mwalimu wa darasa tangu siku ya kwanza.